Umeuza Likoni, Kisauni Hujaingia



Vijana wetu, leo tuzungumze jambo ambalo watu hulisema barazani kwa sauti ya chini: kuuza nyumba moja ili ununue nyingine. Si kuuza peke yake, wala kununua peke yake. Ni yale ya katikati. Pesa za huku umepokea nusu, za kule hujamaliza, aliyenunua kwako anauliza utatoka lini, na anayekuuzia wewe hapokei simu. Hapo ndipo watu hupandwa na presha, ndugu wakanuniana, na ndoa zikatikisika.

Utasema, mimi kijana, sina nyumba, yanihusu nini? Yakuhusu, manake siku mzee wako atakapouza, karatasi zitaletwa kwa Kiingereza cha mawakili, naye atakuita wewe umsomee. Wewe ndiye utakayeulizwa, "Mwanangu, hapa pana ubaya?" Ni vyema uwe na la kumjibu.

Tuseme hivi. Mama wa Likoni, Timbwani, ana nyumba ya vyumba sita. Watoto wamehama, magoti yanamuuma, feri imemchosha, ataka kwenda Kisauni karibu na binti yake. Amepata nyumba Mwandoni kwa milioni moja na nusu. Mwenye nyumba ya Mwandoni naye auza ili anunue Changamwe, karibu na kazi yake ya bandarini. Na ile nyumba ya Changamwe ni ya marehemu, watoto wake saba waiuza wagawane. Anayenunua kwa mama wa Likoni ni kijana anayengoja mkopo wa benki. Hesabu: familia nne, nyumba tatu, na pesa ni zile zile zinazozunguka. Kijana wa benki akichelewa, watoto wa marehemu Changamwe hawapati kitu, na hawajui hata jina lake.

Waingereza hali hii waijua sana, na jina lake kwao ni mnyororo. Kule Uingereza na Wales, mpaka siku mikataba ibadilishwe, mtu yeyote katika mnyororo anaweza kujitoa, na wote wanaomtegemea wakarudi mwanzo. Sisi tuna mnyororo huo huo, na juu yake tuna mambo ya kwetu ya bara hii ambayo Muingereza hayajui.

La kwanza ni nyumba bila ardhi. Vijana wengi mmezaliwa ndani yake bila kujua kwamba ndivyo ilivyo. Kuta na mabati ni ya babu, lakini udongo ulio chini una mwenyewe, naye hulipwa kodi ya ardhi. Utaratibu huu ni wa zamani pwani yetu, na Sharia haikuona ajabu jengo kuwa la huyu na kiwanja kuwa cha yule. Wakoloni walipoleta sheria yao ya hati za ardhi mwaka 1908, waliotaka kutambuliwa walitakiwa wapeleke madai. Wengi hawakupeleka, wengine hawakujua, na mwenye jina kwenye daftari akawa ndiye mwenye ardhi. Mpaka leo wajukuu walipa kodi ya pale babu alipopanda mnazi.

Sasa angalia inavyoubana mnyororo. Benki haikopeshi kwa nyumba isiyo na ardhi, kwa sababu hakuna hati ya kuishikilia. Kwa hivyo kama nyumba ya mama wa Likoni haina ardhi, yule kijana wa mkopo hawezi kuinunua, hata ampende mama vipi! Inabidi atafutwe mwenye pesa taslimu, na hao ni wachache, nao wajua kuwa ni wachache, kwa hivyo bei watataja wao. Tena mwenye ardhi akikataa kubadilisha jina kwenye risiti, mnunuzi amenunua kuta ambazo kodi yake inaandikwa jina la mtu mwingine. Kabla mama hajamwambia mtu bei, wewe nenda kwa mwenye ardhi. Uliza anataka nini ili akubali, kodi ya nyuma imebaki ngapi, na majibu yaandikwe. Hili watu huliacha mwisho, wakati lilipaswa kuwa la mwanzo.

Likoni kuna jambo jingine. Ile ardhi ya Waitiki, ekari 930, Serikali ilimlipa mwenyewe, na hati zikaanza kutolewa Januari 2016, wakaazi wakitakiwa walipe shilingi 182,000 kila mmoja. Ukinunua pale, usiridhike na kuonyeshwa hati. Uliza deni hilo limelipwa au la, na uone karatasi.

Hati yenyewe nayo ina mnyororo wake wa nyuma. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa. Kilikuwa kiwanja cha ufuoni Nyali, papa hapa bara ya kaskazini, kilichogawiwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, kikauzwa, kisha kikauzwa tena. Kampuni ilikuwa na hati mkononi. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi ikiwa ugavi wa kwanza haukufuata sheria, na kampuni ikakosa kiwanja. Aliyenunua mwisho ndiye aliyelipa kwa kosa la mwanzo. Kwa hivyo usiulize tu kama hati ni ya kweli. Uliza ardhi ilitoka kwa nani, naye aliipata vipi. Kutafuta rekodi kwenye ofisi ya ardhi, wenyewe waita sachi, ni pesa kidogo sana ukilinganisha na milioni moja na nusu.

Turudi Changamwe kwa wale watoto saba, manake mnyororo wetu mara nyingi hukatikia hapo. Marehemu ameacha wana wanne na mabinti watatu. Kaka mkubwa ndiye anayezungumza na broka, ndiye ameshika hati, na ameshapokea arbuni. Dada mmoja yuko Muscat, hajaambiwa. Sasa nyumba hii ni ya nani? Si ya kaka. Mirathi haijathibitishwa mahakamani, mafungu hayajatajwa, na fungu la binti, hata likiwa nusu ya la ndugu yake, ni mali yake kamili, hauziwi bila yeye. Katiba, ibara ya 170, imewapa makadhi mamlaka ya mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda kwao. Nendeni kwa Kadhi kwanza, kisha muuze. Siku dada wa Muscat atakapotua na kwenda kortini, atakayelia si kaka peke yake. Mama wa Likoni naye atalia, na yeye hata Changamwe hajawahi kufika.

Na arbuni yenyewe tuizungumze, kwa sababu neno hili ni la Kiarabu na lina hukumu zake. Wanazuoni wengi, na Shafi wakiwemo, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wetu hapa, hawakuruhusu muuzaji aimeze arbuni mnunuzi akijitoa. Hanbali wakaruhusu. Mikataba ya mawakili wetu hapa kwa kawaida huweka asilimia 10 mwanzo na siku 90 za kumaliza, na mingi humpa muuzaji haki ya kuizuia pesa hiyo mnunuzi akivunja. Sasa wewe Shafi umetia saini mkataba wa namna hiyo, na mnyororo umekatika Changamwe bila kosa lako wala la anayekuuzia. Hizo laki moja na nusu za mama ni za nani? Mkigombana baadaye, kila mtu atatafuta sheikh wa kumuunga mkono. Muulizeni sheikh mnayemwamini mapema, kisha muandike kwenye mkataba: ikiwa nyumba tunayoitegemea haikupatikana, arbuni inarudi, tena kwa siku ngapi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana na mashahidi. Sisi twaisoma kwa sauti nzuri, kisha twapeana laki tano kwa M-Pesa na neno "inshallah".

Sheria ya nchi nayo yasema hivyo hivyo. Mkataba wa kuuza ardhi usioandikwa, usiotiwa saini na pande zote na kushuhudiwa, huwezi kuushtakia. Ile meseji ya "poa nimepokea" si mkataba.

Tahadhari pia na yule anayeuza asichokuwa nacho. Kuna mabroka wanaolipa arbuni ya kiwanja Kisauni, kisha kabla hawajamaliza wanakuuzia wewe kama chao. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam jambo la namna hii. Ukikutana nalo, mwambie broka akupeleke kwa mwenye jina kwenye hati. Akianza kukueleza kwamba mwenyewe yuko safari, ondoka.

Haya, benki. Watu wengi hawajui benki inavyolipa, na hapa ndipo pressure hupanda. Benki haimpi muuzaji pesa siku ya kutia saini. Kwanza hati inahamishwa kwa mnunuzi, kisha benki inaandikwa juu ya hati hiyo, ndipo inalipa. Yaani muuzaji anatoa hati yake kabla hajaona shilingi iliyobaki. Kinachomlinda ni ahadi ya maandishi ya wakili wa benki, au ya benki yenyewe, kwamba pesa italipwa usajili ukikamilika. Ahadi ya wakili si maneno matupu, Mahakama Kuu yaweza kumlazimisha wakili mwenyewe aitimize. Bila barua hiyo, mzee asitoe hati, hata mnunuzi awe mtoto wa rafiki yake wa msikitini. Hakuna ubaya kumuomba muumini mwenzako karatasi.

Tena kuna gharama zinazosahaulika. Mjini, ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani, na mnunuzi ndiye hulipa. Kwa nyumba ya milioni moja na nusu yenye hati, ni 60,000. Mama wa Likoni aliyepanga pesa zake shilingi kwa shilingi hana hiyo elfu sitini, na hapo mnyororo unasimama tena kwa sababu ya pesa ambayo jirani yeyote mwenye uzoefu angemtajia.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni tarehe. Kila mtu ana mkataba wake na tarehe yake, na hakuna anayezipanga pamoja. Mama ameahidi kutoka Likoni tarehe 1, Mwandoni kutakuwa wazi tarehe 20. Siku kumi na tisa atalala wapi? Vitanda na makabati yatakaa kwa nani? Mjukuu aliyeanza shule Likoni avuke feri kila alfajiri kutoka wapi? Wakili wa kila upande ashughulikia karatasi za mteja wake, na hakuna anayeuangalia mnyororo wote. Kazi hii mfanye nyinyi vijana. Chukua karatasi moja, andika kila nyumba, nani anatoka lini, nani anamlipa nani, na ni nani anangoja benki au Kadhi. Wapigie simu wote. Utashangaa: mara nyingi wale wa mbali kwenye mnyororo hawajawahi kuzungumza, na wakizungumza watakubali kusogeza wiki mbili bila ugomvi.

Na ikiwa mmeshakwama? Msitoke kwenye nyumba kwa huruma. Ukishatoa funguo kabla ya malipo, wewe ndiye utakayekuwa ukipiga simu zisizopokewa. Wakili aandike ilani ya kumaliza, ambayo kwa mikataba ya kawaida hutoa siku 21. Wekeni kila risiti, kila meseji, na majina ya walioshuhudia. Mtu wa mnyororo akiomba muda, mpeni, lakini kwa maandishi na tarehe. Isipotatulika, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa Mombasa, na kesi za namna hii ndizo zake.

Wenye maswali kuhusu nyumba ya kwao, andikeni hapa chini mtaa na tatizo. Msiandike nambari ya hati wala majina ya watu. Tutajibu moja moja inshallah.