Mama wa Arobaini na Ramadhan Yetu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri, mjini Kisii)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, akina mama na akina baba, niliombwa nizungumzie malezi. Malezi ni bahari, na muda wangu ni mpaka watu waanze kutoka kwenda kutayarisha futari. Kwa hivyo nitamzungumzia mtu mmoja tu, naye leo hayupo hapa. Hayupo manake ana mtoto wa wiki tatu. Dada unayesoma, ukifikiri kidogo utamkumbuka: Ramadhan iliyopita alikuwa akiswali tarawehe ubavuni mwako, na wewe hujamuuliza.

Katika Suratu Maryam tunasimuliwa uchungu ulipomshika Bibi Maryam (A.S.), peke yake, kwenye shina la mtende, hata akatamani angekufa kabla ya siku hiyo. Mwanamke mteule kama yeye! Basi tazama alijibiwa nini. Hakupewa mawaidha marefu. Alioneshwa kijito cha maji chini yake, akaambiwa atikise mtende zimwangukie tende mbivu, ale, anywe, moyo wake utulie. Na siku hiyo akapumzishwa hata kusema na watu. Chakula, maji, na kuachwa kidogo na maneno. Mimi aya hizo nimezisoma tangu utotoni, lakini nilizielewa siku nilipojifungua.

Mimi nilizaliwa Pwani, nikaolewa huku Kisii. Kwetu aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini. Hupikiwa, hukandwa kwa maji moto, huletewa uji wa pilipili manga, na yupo mtu mzima, nyanya au somo, ambaye kazi yake ni kumtazama mama mwenyewe, si mtoto tu. Lakini mtoto wangu wa kwanza nilimlea katika chumba cha kupanga hapa mjini, mamangu yuko mbali, mume wangu anatoka alfajiri kwenda kwa biashara. Siku ya saba tulichinja aqiqa, alhamdulillahi, nyumba ikajaa. Kila aliyekuja alikuwa na la kuniambia. Mmoja akasema mtoto analia kwa sababu maziwa yangu ni mepesi, mwingine akasema nimpe maji ya sukari, wa tatu akasema nisimbebe sana, atazoea mikono. Wakala, wakaomba dua, wakaenda.

Siku ya nane hakuja mtu. Sufuria za jana zilikuwa zimenikalia pale mlangoni, na mvua ya Kisii mwaijua, mchana ukipinduka tu inashuka. Nepi zilikaa kwenye kamba siku mbili zimelowa. Nilikuwa nimeketi kitandani nikilia pamoja na mtoto, sijui nani alianza.

Aliyebisha hodi ni mama mmoja jirani, Mkisii, Msabato. Hakusema neno juu ya maziwa yangu. Alizoa sufuria akaziosha, akachukua nepi akaenda kuzikausha jikoni kwake, akarudi na bakuli la chinsaga, ile mboga ya uchungu kidogo ambayo Wakisii humpa mama aliyejifungua, na ugali wa wimbi. Akaja hivyo siku baada ya siku, isipokuwa Jumamosi. Wale wa siku ya saba siwalaumu. Mimi mwenyewe nimeingia nyumba za watu, nikala, nikatoa nasaha, nikavaa viatu vyangu nikaondoka.

Sasa, watu wa Kisii wana habari kubwa katika jambo hili kuliko wanavyojua. Kati ya mwaka 1955 na 1957 Wamarekani wawili, Robert na Barbara LeVine, waliishi huku wakiangalia malezi katika kijiji walichokiita Nyansongo, na kitabu chao kikatoka 1966. Robert alirudi tena miaka ya 1974 hadi 1976 pamoja na wenzake, akiwemo Sarah LeVine, na katika kitabu cha 1994 wakawalinganisha akina mama wa Kisii na akina mama wa Boston huko Marekani. Waliona kwamba mtoto akilia, mama wa Kisii humbeba upesi na kumtuliza mwilini mwake. Yule wa Boston humtazama usoni na kumsemesha zaidi. Mmoja alitaka kwanza mtoto awe salama na mtulivu, mwingine alitaka achangamke.

Lakini lililonishika mimi ni jingine. Mama wa Kisii wa siku hizo alikuwa na shamba la kulima, na mara nyingi mume yuko mbali kwa kazi. Lakini alikuwa na omoreri, yaani mtoto wa kike, dadake mchanga au wa jamaa ya karibu, ambaye alimbeba mtoto mama akiwa shambani. Leo omoreri yuko wapi? Yuko shule, hasa tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, na tumshukuru Mungu, kwa sababu naye alikuwa mtoto na mgongo wake ulichoka. Shamba nalo limegawanywa na kugawanywa mpaka ndugu wametawanyika, huyu Nairobi, yule Nakuru. Kazi ya mama haikupungua hata kidogo, ila mikono iliyomsaidia imeondoka na hatukuweka mingine mahali pake. Tulichobakisha ni zile nasaha.

Na kwa sababu nasaha hazitaisha, nitasema machache niendelee. Kumbeba mtoto mchanga hakumharibu; hapo wazee wa Kisii walikuwa sawa. Na wa Boston pia wana lao: msemeshe, hata kama unaona haya, anasikia na anajifunza. Maji ya sukari, hapana, wala uji. Shirika la Afya Duniani lasema maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili au zaidi. Miaka hiyo miwili Mola ameitaja katika Suratul Baqara, aya ya 233, kwa anayetaka kukamilisha. Na aya hiyo hiyo yamtaka baba agharamie chakula na mavazi ya mama, na wakitaka kumwachisha mtoto, washauriane wawili hao na kuridhiana. Wao wawili, si mama mkwe wala mwenye duka! Na jiko la makaa usilifungie chumbani ukikausha nepi, moshi wake usioonekana unaua.

Narudi kwenye Ramadhan, manake hapa ndipo tunapowaumiza bila kujua. Mwenye nifasi hafungi, hata akitaka, atalipa baadaye. Damu ikikatika kabla ya siku arobaini, anakoga, anaswali na kufunga, asingoje hesabu itimie. Anayenyonyesha, akichelea nafsi yake au mtoto, ana ruhusa ya kula na kulipa. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu twaifuata, akichelea mtoto peke yake huongeza kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Mwenye shaka amuulize sheikh. Lakini nawajua dada zetu wanaokula wamejificha chooni kama wezi, na wengine wanaofunga kwa haya mpaka kichwa kinazunguka, kwa sababu ya macho ya watu wa nyumbani. Ewe shemeji, ukimkuta akinywa uji saa nne asubuhi, usimtazame hivyo. Muulize kama umepoa nimpashie.

Kuna jambo zito zaidi. Machozi ya siku za kwanza ni kawaida, hupita katika wiki mbili hivi. Yakizidi hapo, akawa halali hata mtoto akilala, hataki kumshika, au anasema afadhali afe, huo si upungufu wa imani, na usikimbilie kusema ni jini. Msomee, naam, lakini mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake na mtoto. Kumbuka nani aliyetamani kufa pale mtendeni.

Akina baba, Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika akitoka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi mitatu na baba wiki mbili, kwa mshahara kamili. Najua, wengi wenu ni watu wa duka, boda boda na soko la Daraja Mbili, hakuna mwajiri wa kukupa likizo. Basi jipe mwenyewe asubuhi mbili kwa wiki. Mshike mtoto, mama alale. Kulala tu.

Nanyi vijana wa chama, mmeandaa futari ya msikitini vizuri sana, Mola awalipe. Mwaka huu naomba kitu kidogo. Pale mlangoni upande wa akina mama kuna karatasi. Andika jina la mama unayemjua amejifungua karibuni, awe wa Nubia au wa kijijini Nyamira, na mtaa wake. Vijana wa kiume watabeba, dada zao wataingia ndani. Chakula kipelekwe mchana, saa saba, si magharibi peke yake, manake yeye hafungi. Pelekeni na uji katika chupa ya chai, usipoe, ataunywa usiku mtoto akiamka. Na sufuria mrudi nazo, msimwachie aoshe.