Nani Anamuuliza Mama?

Msikilizaji, mama akijifungua salama, swali la kwanza ni moja: wa kike au wa kiume? Wiki zinazofuata mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, kadi inajazwa. Mama naye anaulizwa kama maziwa yanatoka. Kama anapata usingizi, kama analia akibaki peke yake, mara nyingi hakuna anayeuliza. Akithubutu kusema, anajibiwa: shukuru Mungu, wangapi wanatafuta mtoto hawapati! Hapo ndipo anapofunga mdomo.

Katika jimbo la Ontario, Kanada, watafiti wakiongozwa na Cindy-Lee Dennis waliwachukua akina mama 701 waliokuwa ndani ya wiki 2 tangu kujifungua, wote wakiwa katika hatari ya kupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilibaki na huduma za kawaida. Katika la pili, pamoja na huduma hizo, kila mama alipata mwenzake wa kumpigia simu: mama wa kujitolea aliyewahi kuugua sonona ya uzazi akapona. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Walipopimwa wiki ya 12, waliokuwa na dalili nzito katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 25. Katika kundi la simu, asilimia 14.

Na hao wa kujitolea walifundishwa kwa saa 4 tu. Semina zetu nyingi, saa 4 hata mgeni rasmi hajafika.

Mtasema sisi tuna shangazi, tuna mama mkwe, tuna arobaini. Ni kweli, na uji wao una kazi yake. Lakini ni mzazi gani atamwambia mama mkwe kwamba akimtazama mtoto hasikii chochote moyoni? Atamwambia yule aliyewahi kuyapitia hayo mwenyewe, kwa sababu hatashtuka. Tena arobaini ikiisha wageni wanarudi kwao, na sonona haifuati kalenda ya wageni.

Wauguzi wa kliniki, akina mama waliopona mnawafahamu. Waombeni wajitolee, muwaunganishe na wazazi wapya. Nawe uliyepita huko, usingoje kuombwa, piga simu. Mzazi akikuambia anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake hata kidogo: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.