Beji Si Mali ya Aliyeivaa



Zamani mfalme wa Pate alikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, na Lamu walikuwa na yao ya shaba. Ikilia, kila mtu alijua kuna jambo kubwa. Waliopigiwa siwa hizo wamekufa. Siwa zenyewe zipo hata leo.

Sisi wa reli twajua haya. Gadi akionyesha bendera nyekundu dereva husimama, hata kama ndani ya gari yumo bwana mkubwa. Hamtii mtu, aitii kazi ya kulinda roho za watu.

Basi ninyi wajumbe tuliowachagua, beji hiyo ni yetu. Ukiivaa kutisha wenzako au kunywa chai ya bure, umetuibia. Muda wako ukiisha, irudishe ikiwa safi.