Jogoo wa Mbegu Si Faida ya Kugawana

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya wafugaji, Chake Chake, Pemba)



Mmezoea kunisikia nikizungumzia madaftari, hisa na risiti. Leo nitazungumzia kuku, lakini mtaona kuwa sikwenda mbali na hesabu.

Kuku mwenyewe ni kuchi, yule mrefu wa shingo na miguu, asimamaye wima, mwenye manyoya machache. Watafiti wa nasaba wamekuta kuwa ana undugu na kuku wa kupiganisha wa Asia, kama Shamo wa Japani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, walipolinganisha kuku wa kienyeji wa Tanzania, walimkuta kuchi kuwa miongoni mwa walio wazito kabisa: jogoo kiasi cha kilo 2.7, mtetea kiasi cha kilo 1.8. Hiyo ni nyama ya uani, ipatikanayo kwa makombo, pumba na wadudu wa shambani.

Mwaka mmoja nilikagua chama ambacho sitakitaja jina. Daftari la fedha lilikuwa safi. Kabla ya Sikukuu walikuja wanunuzi na fedha taslimu, wakachagua majogoo wakubwa wote, wengine kwa ajili ya kupiganishwa, mchezo wa kikatili usiostahili kuungwa mkono na chama. Wanachama waligawana fedha. Baadaye mitetea ilipandwa na majogoo dhaifu waliobaki, na vifaranga vikawa vidogo. Katika hesabu iliandikwa "faida", nami nikaipitisha. Nilikosea. Ile haikuwa faida. Ulikuwa mtaji uliouzwa.

Jambo kama hili liliwafika wafugaji wa bata mzinga huko Marekani. Viwanda vilimchagua bata mzinga mweupe wa kifua kipana, ambaye kwa ukubwa wake hawezi kupanda jike bila ya msaada wa binadamu. Aina za asili ziliachwa, hata hesabu ya mwaka 1997 ikakuta ndege wazalishaji 1,335 tu. Waliowanusuru ni wafugaji wadogo waliotunza mbegu, pamoja na walaji waliokubali kununua nyama yao. Mbegu hulindwa kwa kufugwa na kuliwa, mradi wazazi wabakizwe.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu.

Kwanza, kila chama kifungue daftari la mbegu. Iandikwe jina la mfugaji, umri wa jogoo na alikotoka. Jogoo aliyeandikwa asiuzwe wala asichinjwe bila ya idhini ya mkutano. Majogoo wengine walishwe vyema, wauzwe na waliwe. Hiyo ndiyo faida.

Pili, vyama vibadilishane majogoo, wa Micheweni aende Mkoani na wa Mkoani aende Wete, ili jogoo asipande watoto wake mwenyewe. Jogoo mmoja atosha kwa mitetea kumi.

Tatu, tuzuie kideri, maradhi yawezayo kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ni tone moja jichoni kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi, na kikishafunguliwa hakifai kuwekwa akiba. Mfugaji mmoja peke yake hupata hasara. Wanachama ishirini wakichanga na kuchanja siku moja, gharama huwa ndogo. Huo ndio ushirika.

Ndugu zangu, nitakapokuja tena kukagua, baada ya daftari la fedha nitaliomba daftari la mbegu, kisha nitaomba nionyeshwe jogoo mwenyewe uani.