Hotuba juu ya Kuchagua Ubingwa katika Elimu ya Usanifu Majengo



Mbele ya wazazi walio jirani na Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, hapana haja ya kusifu thamani ya elimu. Lililo gumu ni jingine. Kijana akisha kupata shahada ya kwanza ya usanifu majengo, na akataka kuendelea na uzamili, huulizwa: awe bingwa wa jambo gani? Wengi hukwama hapo, wala si kwa ujinga. Masomo ya kwanza humfundisha mtu kuchora majengo ya kila namna. Hayamwambii ni lipi limngojalo yeye.

Yafaa ikumbukwe habari ya Adedokun Adeyemi, Mnaijeria aliyekuwa akisoma usanifu Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliona kuwa mafunzo yale yalitungwa kwa ajili ya nchi ya baridi, hali kwao ni jua kali na mvua nyingi. Hakunyamaza. Juhudi yake ilichangia kufanyika mkutano mjini London, mwaka wa 1953, juu ya majengo ya nchi za joto. Na mwaka wa 1954 shule ya Architectural Association ikafungua masomo maalumu ya fani hiyo kwa wasanifu waliokwisha kuhitimu. Aliyeyaongoza kwanza ni Maxwell Fry, kisha Otto Koenigsberger, ambaye alikuwa amefanya kazi India miaka mingi. Haikuwa kazi ya mwanafunzi mmoja peke yake. Lakini swali lilikuwa lake, nalo alilitoa kwao, si vitabuni.

Je, swali la Bujumbura ni lipi? Mto Ntahangwa washuka kutoka milimani, wapita jijini kwenda Ziwa Tanganyika, nao humega kingo zake pamoja na nyumba za watu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 katika vitongoji vya kaskazini. Mwaka wa 2020 maji yakawatoa majumbani mwao maelfu ya watu wa Gatumba. Basi msanifu ajifunzaye kuyaongoza maji ya mvua, na kujua mahali pasipojengwa, hatakosa kazi. Kwa hakika ubingwa huu haupendwi sana na vijana, kwa kuwa mtaro hautundikwi picha ukutani kama mnara. Walakini mama aliyeona ukuta wa jikoni ukienda na mto hatauliza habari za mnara.

Wengine watavutwa na uhifadhi wa miji ya kale. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2000, na Lamu mwaka wa 2001. Huko kazi haijesha.

Tena kuna ujenzi wa udongo, ambao wengi huudharau na kuuita wa kimaskini. Huko Grenoble, Ufaransa, udongo umekuwa somo la wasanifu waliohitimu tangu mwaka wa 1984, na husomeshwa kwa Kifaransa, lugha ambayo kijana wa Bujumbura ameshaisoma shuleni. Mfano wa matunda ya fani hiyo hauko mbali. Ni maktaba ya Muyinga, iliyokamilika mwaka wa 2012 kwa ajili ya shule ya watoto viziwi. Wasanifu wake, BC Architects wa Ubelgiji, walikuwa vijana waliotoka masomoni si zamani. Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa. Paa ni la vigae vya udongo juu ya miti ya mikaratusi. Na ndani umetandwa wavu wa kamba za katani, watoto wapate kujilaza wakisoma. Mashine mbili za kushindilia matofali hayo hazikuagizwa ng'ambo. Zilikuwapo Burundi, zimefunikwa na vumbi la miaka mingi, hakuna aliyezigusa.