Mazoezi, Mitishamba na Watoto Wetu Watumikao Angani



Nimeombwa niseme machache juu ya afya ya vijana wetu walio wahudumu wa ndege. Baadhi yetu hudhani kazi yao ni kuvaa nguo nzuri na kugawa chai. Sivyo. Ndege ikiwa juu, hewa iliyomo ndani huwa nyembamba kama ya milima ya mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama ya Limuru, tena ni kavu sana. Husimama saa nyingi, hulala mchana na kuamka usiku wa manane. Kwa hiyo miguu huvimba, mgongo huuma, na moyo hukosa utulivu.

Mwaka jana mpwa wangu, mwenye kazi hiyo, aliniandikia, "Mjomba, magoti yananiwaka moto." Nikanunua vidonge vya manjano, nikafunga kifurushi kwa mikono yangu, nikampelekea. Sikumwuliza neno. Kumbe alikuwa akimeza dawa ya kuzuia damu isigande, maana iliwahi kuganda mguuni mwake. Baada ya majuma machache mwili ulijaa mabaka, na fizi zikatoka damu. Daktari akamwamuru aviache vidonge vile mara moja. Namshukuru Mungu alipona. Lakini aibu ile ningali nayo.

Ndugu zangu, manjano na tangawizi katika mchuzi ni chakula. Vidonge ni jambo jingine, kwa kuwa nguvu nyingi imekusanywa mahali padogo. Mwaka 2022 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 10 walioumia maini kwa vidonge vya manjano. Kitokacho shambani nacho chaweza kudhuru.

Mazoezi, lakini, hayanunuliwi. Shirika la Afya Duniani lashauri angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila juma, na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili. Hayo hupunguza wasiwasi, huleta usingizi, na yakifuatwa kwa miezi husaidia kutuliza uvimbe wa mwilini. Hata chumba kidogo cha hoteli chatosha kunyoosha mgongo na miguu.

Basi, Wazee wangu, tusiache kuwapelekea watoto wetu zawadi. Lakini kabla ya kufunga kifurushi tuulize: "Watumia dawa gani? Daktari wako asemaje?" Swali hilo halina gharama.