Kura Ihesabiwe Mbele ya Macho Yetu
(Hotuba ya mwalimu katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, Kigali)



Nimeombwa niseme machache juu ya uchaguzi, kwa kuwa kamati yetu inakaribia kuchaguliwa upya. Vijana wanauliza: tuendelee na karatasi au tupige kura kwa simu? Kabla ya kujibu, tukumbuke ya nyumbani.

Tarehe 30 Desemba 2018 Wakongomani walipiga kura kwa mashini zilizotoka Korea ya Kusini. Wapinzani waliziita mashini za kuiba, maana kwa Kifaransa "kupiga kura" na "kuiba" hutofautiana herufi moja tu. Lakini mashini ile ilitoa karatasi, na karatasi iliingia sandukuni. Shida ilikuja baadaye. Kanisa Katoliki, lililotuma watazamaji wapatao 40,000, lilisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na waliyoyakusanya. Tume ya uchaguzi, CENI, haikutoa matokeo ya kila kituo. Basi mwananchi alinganishe nini na nini?

Siku hiyo watu wa Beni walikuwa wamezuiwa kupiga kura, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Wakapanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi. Kisheria haikuwa kitu, lakini hakuna aliyeweza kusema hawakutaka kuchagua.

Nchini Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Tume haikufungua kompyuta zake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, kila mtu akajumlisha mwenyewe. Ubishi haukuisha, ila safari hii watu walibishana juu ya fomu ambazo kila mmoja aliweza kuzisoma.

Ndugu zangu, mwalimu akitangaza maksi bila kurudisha daftari, mwanafunzi ana haki ya kushuku. Kwa hiyo naomba: tutumie karatasi, zisomwe kwa sauti, na matokeo yabandikwe mlangoni siku hiyohiyo.

Mwaka 2023 Wakongomani walio nje walipiga kura katika nchi tano tu, na Rwanda haikuwamo. Kura ya kamati ndiyo tuliyo nayo mkononi. Tukiichezea hii, tutadai ile ya nyumbani kwa mdomo gani?